Kanuni ya Nne ya Abiria

12 Februari

Mdogo wangu Stempu,

Habari za huko, na habari za wifi? Sisi huku wazima, tunasukuma siku. Mama anakusalimu sana. Masikio yake yamezidi kuwa mazito, ukimwambia chakula tayari hasikii, lakini akisemwa kwa ubaya vyumba vitatu kutoka alipo anakamata neno kwa neno. Anakula vizuri na anagombana vizuri. Shemeji yako naye yupo, amenunua kiti kipya cha kukalia barazani na sasa tunamwona wakati wa kula tu.

Mimi na miwani, miwani na mimi. Wiki hii nimesaga lenzi mpaka vidole vimekufa ganzi. Mzee mmoja amerudisha miwani yake akidai ina kasoro. Nimeipima mara mbili, haina kitu. Kumbe malalamiko yake ni kwamba inamwonyesha mkewe waziwazi mno. Nimemwambia hiyo si kazi ya fundi miwani.

Haya, nije kwenye lililonikalisha mezani. Unaijua sheria ya nyumba yetu: simu ni ya kujuliana hali, jambo zito linaingia kwenye bahasha. Uliitunga mwenyewe ulipoajiriwa posta, kwa hiyo usinipigie simu kunigombeza.

Kuna msafara wa pikipiki. Pikipiki tisa, siku saba, kiongozi mbele, na nyuma gari la mizigo lenye fundi ndani yake. Kila pikipiki inabeba wawili, dereva na mwenzake wa nyuma, na wawili hao hawabadilishwi mpaka siku ya kurudi. Kiongozi ni mama mmoja aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa, watu wanamwita Kamanda. Alikuja dukani kutafuta miwani ya kuendeshea, nikamhoji hadi akasahau kilichomleta. Anasema wanakwenda mwendo wa watu wazima, barabara ya lami, mpaka milimani na kurudi.

Nimetuandikisha. Dereva, wewe. Abiria, mimi. Usiniulize kwa nini sikukuuliza. Ningekuuliza ungekataa.

Najua unachotaka kusema. Miaka minane hujagusa pikipiki, tangu tulipoanguka kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Lakini mguu uliovunjika ni wangu, na wangu unatembea. Una vyuma vinne, ukipata baridi unalalamika, na ukinichokoza unaweza kukupiga teke vilevile. Aliyebaki pale chini ni wewe. Ulikuwa mpeleka barua ambaye mbwa wa mitaa yote walikujua kwa mlio wa injini. Leo umejifungia kwenye kile chumba cha kupangia barua, unahesabu bahasha za watu wanaokwenda mahali. Inaniuma, nakwambia kweli. Nataka uendeshe tena, na nataka uendeshe nikiwa nyuma yako, ili kila aliyesema lolote kuhusu wewe afunge mdomo.

Majina yanafungwa mwisho wa Septemba, safari ni Novemba. Muda unao tele. Na kama umesahau klachi, aliyekufundisha bado yu hai. Ni mimi, kwenye pikipiki ya Baba, siku ile ilipokuzimikia mara kumi na moja ukalia.

Dada yako


3 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na stempu mbili wakati moja ilitosha. Kila mwaka nakwambia.

Sisi hatujambo. Wifi yako amepandishwa cheo pale shuleni, sasa ndiye mwenye funguo za stoo ya vitabu na hakuna anayelala kwa raha. Binti yangu ametimiza miaka kumi na tisa. Ombi lake la siku ya kuzaliwa lilikuwa kujifunza pikipiki. Nimemwambia aombe kitu kingine. Amenuna wiki mbili, anapitisha chumvi mezani bila kuniangalia.

Kuhusu msafara, jibu ni hapana.

Dada, nilipewa mguu wako mzima nikaurudisha vipande vitatu. Nilikuwa dereva. Hakuna mwingine aliyekuwa ameshika usukani. Wewe una moyo wa peke yake, ulinisamehe siku ya pili tu, hata dawa ya usingizi haijakutoka vizuri, ukanishika kichwa ukasema yameisha. Mtu akisamehewa namna hiyo anashukuru, anakaa kando. Harudi kuomba nafasi nyingine kwenye kona zilezile.

Na chumba cha kupangia barua si kibaya. Kina dirisha.

Mwandikishe shemeji. Msalimie Mama, mwambie dawa yake ya macho nimeituma kwa kifurushi.

Mdogo wako,
Stempu

Hiyo pikipiki wanayotoa ni ya ukubwa gani? Nauliza tu.


20 Machi

Stempu wangu, mwulizaji tu,

Marahaba. Mama amepokea dawa, amesema umeleta ndogo. Shemeji yako nilimwambia habari ya msafara, akajibu kwamba pikipiki ni jeneza lenye honi, akarudi kwenye kiti chake. Kwa hiyo huyo tumtoe.

Binti yako mwache ajifunze. Mtoto ukimkataza mbele ya macho yako, atajifunzia nyuma ya mgongo wako, tena kwa mwalimu mbovu. Mimi shangazi yake nimesema.

Pikipiki ni kubwa kuliko ile ya posta, nzito kiasi, kiti cha nyuma kina egemeo la mgongo. Ndiyo, nimekijaribu. Nilikaa kama malkia na injini imezimwa. Kamanda ametoa kijitabu cha kanuni, na za abiria nakunakilia hapa ujue kwamba safari hii si ya wahuni.

Ya kwanza, abiria hapandi wala hashuki mpaka dereva amkubalie kwa kichwa. Ya pili, miguu ibaki kwenye vikanyagio hata mnaposimama, kazi ya kuweka mguu chini ni ya dereva peke yake. Ya tatu, shika kiuno cha dereva au vishikio vya kiti, usimshike mabega, mabega ndiyo yanayoendesha. Ya tano, usimgeuze dereva kuwa redio, hadithi zako zisubiri kituoni. Ya sita, ukiwa na haja yoyote gonga mgongoni mara mbili, atatafuta pa kusimama.

Umeona? Hata mimi nitanyamaza. Kwa hilo tu ungekubali.

Hukusema hapana mara mbili. Nimehesabu.

Dada yako


15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hapa mvua zimeanza na paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu tu. Meza nyingine zote kavu. Wifi yako anasema ni dalili nihame chumba.

Nikueleze jambo, lakini usishangilie. Juzi nilipita kwa fundi pikipiki wa mtaa wa nyuma, nikamwomba nikalie moja iliyokuwa imesimama. Nikakaa dakika tano. Mikono ilitoka jasho mpaka ikateleza. Fundi akaniuliza kama nataka kuinunua, nikasema naangalia kiti. Nikashuka. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote.

Sasa niulize. Mimi ni mtu wa kupanga barua, ugonjwa wangu ni kuhesabu. Kwenye kanuni zako iko ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ya tano. Ya nne iko wapi? Bahasha imefika imefungwa vizuri, kwa hiyo posta hatuhusiki.

Mdogo wako,
Stempu


23 Aprili

Stempu,

Marahaba. Nina haraka leo, wateja wamejaa mpaka mlangoni, wanafunzi wa chuo wamekuja wote kupimwa macho siku moja.

Dakika tano! Mama nimemwambia, amepiga makofi. Rudi tena kwa yule fundi, safari hii mwombe aiwashe.

Ya nne inahusu mvua, makoti na viatu. Haina maana, nikairuka.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Shikamoo. Niliwaandikia watu wa msafara nikaomba kijitabu changu. Kimefika jana. Kanuni ya nne haihusu mvua. Inasema: "Penye kona, abiria aangalie juu ya bega la dereva, upande wa ndani wa kona, alale pamoja na pikipiki. Kamwe asinyanyuke wala asivute mwili upande wa pili."

Ni kanuni nzuri. Mimi mwenyewe ningeiweka ya kwanza. Sioni sababu ya kuiruka, na sioni sababu ya kusema uongo kuhusu makoti.

Wote wazima hapa. Nasubiri.

Stempu


30 Mei

Mdogo wangu,

Mama mzima. Shemeji yako mzima. Salamu nimezimaliza, maana nikiendelea nazo sitalifikia hili, na nimeshachana karatasi nne.

Siku ile tulikuwa tunatoka harusini, unakumbuka. Nilikuwa na viatu vipya, nimevivua na kuviweka kwenye mkoba wako visije vikachafuka. Tulipoingia kona ya kiwanda cha matofali ulilaza pikipiki sawasawa, kama ulivyoilaza mara mia kabla ya hapo. Nikaona lori linatokeza upande wa pili. Lilikuwa mbali. Lilikuwa kwenye upande wake. Lakini nililiona kubwa mno, na mimi nikanyanyuka. Nikavuta mwili wangu kuelekea nje kwa nguvu zangu zote. Sikuamua, nakuapia, mwili ulikwenda wenyewe. Pikipiki ikanyooka, ikaiacha kona, na mengine unayajua.

Hukukata kona kwa kasi. Ni mimi niliyetuangusha.

Nilijua tangu nikiwa mtaroni, kabla maumivu hayajaanza. Nilikusudia kusema. Halafu ukaja hospitali, ukapiga magoti pale kando ya kitanda, umechanika shati, unalia mbele ya manesi, unasema nisamehe dada. Nami nikakushika kichwa nikasema yameisha. Stempu, nilikusamehe kosa langu mwenyewe.

Tena nikuambie na lililo baya zaidi, kwa sababu nikilificha nitakuwa nimeandika bure. Ilikuwa tamu. Kila mtu alinisifu. Dada mwenye moyo mkubwa, dada asiye na kinyongo. Wewe ukawa unabeba viti kwenye kila shughuli, unanunua dawa, unanipisha mahali pa kukaa. Nikasema nitamwambia Jumamosi. Miaka minane ya Jumamosi.

Nilidhani nikikurudisha kwenye pikipiki itakuwa kama nimelipa, na sitahitaji kusema. Ndiyo sababu ya msafara. Halafu nikafika kwenye kanuni ya nne, na mkono ukakataa kuinakili.

Sikuombi msamaha kwenye karatasi hii. Ule wa kwanza niliutoa bila haki, sina uso wa kuomba wa pili haraka hivi.

Dada yako


28 Julai (kadi isiyo na bahasha)

Stempu,

Natumaini nyote wazima. Barua niliyokuandikia Juni imenirudia haijafunguliwa, imegongwa muhuri wa RUDISHA KWA ALIYETUMA. Mwandiko wa tarehe naujua, niliufundisha. Basi nimenunua kadi. Kadi haina cha kufungua, na najua wenzako wote watakuwa wameisoma kabla haijafika mezani kwako. Hamjambo wote hapo posta.

Nimesahihisha fomu. Dereva, mimi. Nimehuisha leseni yangu, na kila Jumamosi asubuhi Kamanda ananizungusha kwenye uwanja mtupu nyuma ya maghala. Nimeangusha pikipiki mara tatu, zote ikiwa imesimama. Kiti cha nyuma ni chako. Usipokuja kitakwenda kitupu, Kamanda amenikubalia.

Dada yako


14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nakusalimu kwa sababu Baba alinifunza kusalimu hata ninapokasirika.

Kadi imebandikwa ukutani kwenye chumba cha chai. Mkuu wa kituo ameniuliza Novemba naomba likizo ya siku ngapi.

Sasa nisikilize. Miaka minane nimekuwa mtu wa kusamehewa. Unajua hiyo ni kazi gani? Haina siku ya mapumziko. Nikicheka sana harusini najiuliza kama nina haki. Mjomba akilewa kidogo ananitambulisha kwa wageni, huyu ndiye aliyemvunja dada yake mguu, halafu wanacheka na mimi nacheka. Niliacha kazi niliyoipenda. Nilimkatalia mtoto wangu mwenyewe pikipiki. Kila nilipoona unachechemea kwenda jikoni nilisema moyoni, mimi ndiye niliyefanya hivyo. Na wewe ulikuwa unanitazama nikisema hivyo.

Unaniandikia eti hukuamua, mwili ulikwenda wenyewe. Mtu mzima, Dada? Umekaa nyuma yangu tangu nina miaka kumi na minane, umelala kwenye kona zangu zote, halafu hiyo moja mwili uende wenyewe? Kona tuiache, haya, tuseme ni mwili. Na hospitali? Na miaka minane? Huko nako mwili ulikwenda wenyewe?

Niliogopa kushika pikipiki kwa sababu niliamini sijui tena kona ni nini. Kumbe nilikuwa najua.

Sijui nimalizie vipi barua hii. Wifi yako anasema nisiitume. Naituma.

Stempu


10 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Umesema kweli tupu, na nimeisoma mara nyingi. Hospitali niliamua. Miaka minane niliamua. Kona peke yake ndiyo sikuamua, na hilo huna sababu ya kuliamini.

Jumapili tulikuwa na watu nyumbani, mjomba, mabinamu, wote, ile siku ya Mama kutimiza themanini na moja ambayo hukuja. Niliona nafasi yako ilivyo tupu pale kwenye viti. Walipomaliza kula nikasimama. Nikawaambia yote, lori, kuvuta mwili, kitanda cha hospitali, hata ule utamu wake. Nikafika mwisho.

Mjomba akataka kusema kitu. Mama akamzuia kwa mkono. Nikadhani hakusikia, nikainama niseme tena sikioni. Akasema, "Nimesikia. Rudia kwa sauti, mjomba wako amezoea hadithi ile nyingine." Nikarudia, mwanzo mpaka mwisho, mbele ya watu kumi na saba. Nadhani Mama alijua kazi anayonipa. Kisha akasema mwanawe wa kiume akae karibu yake atakapokuja, na watu wengine wabebe viti.

Mjomba ameahidi kukuandikia. Mwandiko wake mbaya, vumilia.

Naendesha sasa. Mguu wa breki ni huu huu wenye vyuma, na Kamanda anasema unakanyaga taratibu kuliko miguu mizima. Jumamosi iliyopita nilimbeba yeye mwenyewe nyuma, kilomita sitini. Aliposhuka alisema, "Unajua unachofanya, ila unaomba radhi kwa kila kona." Nimemwambia nalifanyia kazi.

Majina yanafungwa tarehe thelathini. Sitakusihi. Kiti kipo.

Dada yako


25 Septemba

Dada,

Shikamoo. Barua ya mjomba imefika. Imechukua jioni mbili na miwani ya wifi yako kuisoma. Kuna mahali ameandika ama "nimekosa" ama "nimekohoa", tumekubaliana ni nimekosa.

Binti yangu nimempeleka kwa mwalimu wa pikipiki. Nilisimama ukutani nikamtazama akizunguka. Injini ilimzimikia mara nne tu, si kumi na moja. Sasa anapitisha chumvi na kuniangalia.

Nitakuja. Nitakaa nyuma.

Usidhani nimekusamehe, bado. Nimekuwa nikipewa msamaha wa haraka na nimeona matokeo yake, kwa hiyo wangu utachukua muda wake. Ila nataka kujua abiria anaona nini huko nyuma. Na nataka nione utaendeshaje ukiwa na mtu mwenye hasira kiunoni.

Likizo nimepewa siku tisa. Mkuu wa kituo anataka kadi.

Stempu


16 Novemba, alasiri

Dada,

Barua hii haina stempu na nimeipitisha chini ya mlango wako hapa nyumba ya wageni. Najua umelala, nakusikia ukikoroma mpaka chumbani kwangu. Wenzetu wako uani wanaosha matope, Kamanda anamgombeza yule daktari wa meno kwa sababu ya mnyororo wake. Ningeweza kukusubiri uamke tukaongea kama watu. Lakini sheria ni sheria, jambo zito linaingia kwenye bahasha.

Siku nne nimekaa nyuma yako. Sikujua. Nilidhani abiria ni mtu anayestarehe. Kumbe huoni barabara, unaona kofia. Huna breki, huna usukani, una mikono miwili tu iliyoshika mtu, na kila kinachokuja kinakukuta hujajiandaa. Umenibeba hivyo kilomita mia tano na zaidi, na sikuwahi kukuambia kwamba unaendesha vizuri. Unaendesha vizuri. Bora kuliko nilivyokuwa naendesha mimi, sema usimwambie binti yangu.

Sasa la leo asubuhi. Ile kona ya tatu ya kushuka, yenye ukuta wa mawe kulia na bonde kushoto. Basi lilitokeza. Lilikuwa kwenye upande wake, mbali kabisa, nimelipiga hesabu baadaye. Na mimi, niliyepeleka barua kwa miaka kumi na sita, mwenye kanuni ya nne kichwani neno kwa neno, nilinyanyuka. Nikavuta mwili kuelekea nje. Nilihisi pikipiki inataka kunyooka, na nilihisi mikono yako inaibana irudi. Ukairudisha. Tukapita.

Ulihisi. Huwezi kuwa hukuhisi, dereva anahisi hata abiria akimeza mate. Tuliposimama kwa chai nilikungoja useme. Ulikuwa na haki ya kusema mbele ya wote kumi na sita. Ukasema chai yao nyepesi, ukaniuliza kama nataka sukari zaidi.

Dada, sikuamua. Mwili ulikwenda wenyewe. Nilikucheka kwa maneno hayo, na leo sina mengine ya kuyatumia. Nililia ndani ya kofia mpaka kioo kikapata ukungu, hukuona kwa sababu abiria haonekani.

Ile miaka minane bado ninayo. Nitakuwa nakurudishia kidogo kidogo kwa maneno makali, na wewe utayapokea. Lakini kona nimeifuta. Ile ya kiwanda cha matofali, yote, sehemu yako na sehemu yangu, maana na mimi siku ile sikuwa nakwenda mwendo wa kumbeba mtu, na hilo nalo sikuwahi kukuambia.

Nimezungumza na Kamanda. Anasema wawili hawabadilishwi, viti ruhusa. Leseni ninayo mfukoni tangu Oktoba, sikukuambia kwa sababu ungefurahi mapema. Kesho nitakaa mbele.

Nitakwenda polepole, lakini milima haijaisha na mabasi hayajaisha. Utaogopa. Usinifiche safari hii, wala usinisubirishe mpaka Jumamosi. Piga kelele, nitukane, nigonge mgongoni hata mara kumi. Ogopa kwa sauti, Dada, nami nitakusikia.

Mdogo wako,
Stempu